Kabla Hujanunua Plagi Janja, Uliza Amri Inatoka Wapi

Mkazi wa Igawa hana haja ya kwenda Masaki, Dar es Salaam, kuona nyumba inayojiendesha. Aitazame LUKU yake. Nyumba nyingi zilizounganishwa umeme miaka ya karibuni zina mita iliyofungwa juu ya nguzo, na ndani ya nyumba kuna kidude chenye vibonye na kioo kidogo. Unaingiza tarakimu 20 za tokeni ukiwa umekaa kwenye kochi. Amri inasafiri hadi kwenye nguzo, kwa mita nyingine kupitia waya uleule unaoleta umeme, kwa nyingine kupitia mawimbi ya redio. Mita inaipokea, inaihakiki, na swichi iliyo ndani yake inaruhusu umeme upite. Yuniti zikiisha usiku wa manane, swichi hiyohiyo inakata bila kumwamsha mtu.

Wazo la kupitisha amri kwenye nyaya za umeme za nyumba si geni. Kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mfumo wa namna hiyo uitwao X10 mwaka 1975, na taa za sebuleni zikaanza kuwashwa kutoka chumba kingine bila kuvuta waya mpya. Tangu wakati huo vifaa vimebadilika sana, lakini mambo ya msingi yamebaki matatu: kuna anayetoa amri, kuna njia inayopitiwa na amri, na kuna swichi inayotii. Maneno utakayoyakuta kwenye maboksi ya vifaa vinavyoitwa janja, hata yale yanayotisha, mengi yanahusu mojawapo ya hayo matatu. Ukijua neno linaangukia wapi, muuzaji hakuyumbishi kirahisi.

Nayaandika haya kwa sababu maboksi yameshaanza kuingia. Igawa iko Mbarali, kwenye barabara kuu ya TANZAM, zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufika Mbeya mjini ukitokea Makambako, na mzigo wowote wa Dar es Salaam unashuka hapo kwenye basi. Kijana anayefanya kazi Dodoma anamnunulia mama yake kamera Kariakoo. Binti aliye Muscat anatuma taa zinazobadilika rangi. Mjomba wa Marekani anakuja na sanduku zima. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza na Kichina, na fundi anayeitwa ni yuleyule aliyevuta waya wa nyumba, hodari wa meni swichi na soketi, ila hakuna aliyewahi kumweleza habari za habu wala wingu.

Ya mjomba wa Marekani tuyamalize mapema. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, huku kwetu ni 230. Geuza kifaa, soma maandishi madogo ya nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, chomeka. Kikisema 120V peke yake, kirudi kwenye sanduku, maana adapta ya kubadilisha umbo la pini haipunguzi volti hata moja.

Sasa tuanze na vitu visivyohitaji simu kabisa, kwa sababu ndivyo ninavyovipendekeza kwanza. Kihisi, ambacho mafundi wengi wanakiita sensa, ni kifaa kinachopokea hali fulani: mwanga, joto, mtu kupita, maji kupanda, mlango kufunguka. Relei ni swichi inayobonyezwa na umeme mdogo ili umeme mkubwa upite au ukatike. Kihisi kinaona, relei inatenda. Fotoseli, kile kikofia kinachowasha taa ya nje giza likiingia, ina vyote viwili ndani ya ganda moja. Floti ya kwenye tangi la maji nayo ni hivyohivyo: maji yakipanda inaelea, pampu inazimika, na wanao hawaamshwi na maji yanayomwagika kutoka mnarani.

Kwa mtu wa Igawa mwenye kisima, mifugo na duka la mbele, fotoseli na floti zinamfanyia kazi nyingi kuliko taa ya rangi kumi na sita. Hazidai bando, neno la siri wala ruta. Fotoseli inaizidi hata taima ya kawaida, kwa kuwa jua la Igawa mwezi Januari linazama zaidi ya nusu saa baada ya lile la Juni. Taima utairekebisha kila msimu, fotoseli haikuulizi.

Floti ina mtego wake, lakini. Ile ya tangini inajua tangi limejaa. Haijui kama kisima kimekauka. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, maji ya visima vingi yanashuka, na pampu inayozunguka bila maji inaungua kwa muda mfupi. Kwa hiyo ukisikia fundi au muuzaji anataja ulinzi wa pampu kavu, hicho si kikorombwezo cha kukuongezea bei. Ni kihisi cha pili kinachokaa kisimani, kinachosema hapana hata kama tangi linasema ndiyo. Na kwa kuwa waya wa floti unaingia majini, mwambie fundi aweke breka ya kuvuja umeme ya milliampea 30 kwenye njia hiyo na ahakikishe ethi ya nyumba iko hai, sio waya wa kijani uliofungwa kwenye hewa.

Neno linalofuata ndilo linalounguza nyumba: lodi, yaani mzigo wa umeme ambao kifaa kitaubeba. Kwenye plagi janja utaona 10A, 13A au 16A. Zidisha ampea kwa volti 230 upate wati. Plagi ya ampea 10 inabeba wati 2,300. Ya ampea 13, wati 2,990. Sasa nenda Mafinga, Njombe au Uyole mwezi Julai, kila nyumba yenye uwezo ina shawa ya kuchemsha maji papo hapo. Shawa ya wati 5,500 inakunywa karibu ampea 24. Hakuna plagi ya kuchomeka sokoni inayoiweza, hata ile ambayo muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Ukitaka shawa iwashwe na kuzimwa kwa mbali, relei ndogo inapaswa kuamuru kontakta, ambayo ni relei ya kazi nzito inayofungwa kwenye boksi la breka, na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Pampu na friji zina hila nyingine. Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia, na ampea zilizoandikwa kwenye relei nyingi ni za mzigo mtulivu kama hita, sio za mota. Pampu ya hosipawa moja ni wati 746 kwenye karatasi. Kwenye relei ya bei nafuu, ule mshtuko wa kuanza unaweza kugandisha vidole vya ndani vikashikana. Hapo unabonyeza simu, simu inasema pampu imezimwa, na pampu inaendelea kusukuma maji. Kontakta tena.

Sasa nyutro. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unanunua swichi janja nzuri ya ukutani, ya kioo, unagusa tu. Fundi anakuja, anazima meni swichi, anafungua ile ya zamani, anavuta nyaya nje na kuzikuta mbili tu, mara nyingi zote za rangi moja.

“Mama, hapa nyutro hakuna.”

“Haipo vipi, fundi, na taa ilikuwa inawaka?”

Wote wawili wako sahihi. Katika nyumba zetu nyingi nyutro inakwenda moja kwa moja hadi kwenye taa darini. Swichini inashuka laivu, na kutoka swichini unapanda waya mwingine unaopeleka laivu hiyo kwenye taa. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo, kwani kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha. Swichi janja ina kompyuta ndogo ndani isiyolala. Hata taa ikiwa imezimwa, lazima iendelee kunywa umeme kidogo ili isikie amri inayofuata, na ili umeme upite unahitaji njia ya kurudi. Njia hiyo ndiyo nyutro.

Kuna swichi zinazouzwa kuwa hazihitaji nyutro. Hizo zinaiba njia ya kurudi kupitia taa yenyewe, kwa umeme mdogo sana. Kwenye balbu ya zamani ya waya usingeona kitu. Kwenye balbu ya LED ya wati 5 utaona usiku taa iliyozimwa inamulika hafifu au inakonyeza, na mtu atasema nyumba ina mambo. Haina mambo. Boksi la swichi hiyo mara nyingi huwa na kidude kidogo cha kufunga kwenye taa ili kimeze umeme huo. Watu wengi hukitupa pamoja na karatasi. Njia safi, kama nyumba bado inajengwa, ni kumwambia fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ya plasta. Gharama ni mita chache za waya. Kama nyumba imeshapakwa rangi, nunua relei ndogo inayofungwa darini penye nyutro, au achana na swichi ununue balbu janja, ukikumbuka kwamba mgeni akizima swichi ya ukutani balbu hiyo haitasikia simu ya mtu yeyote.

Tukija kwenye njia ya amri, majina yanazidi. Waifai unaijua. Usichoambiwa ni kwamba vifaa vingi vya bei nafuu vinasikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, wakati ruta mpya na simu nyingi zinarusha pia ya gigahezi 5. Ukifunga kifaa kikagoma kuonekana, kabla hujamlaumu muuzaji ingia kwenye ruta au hotispoti na uchague 2.4. Mawimbi hayo pia yanapenya vizuri zaidi kuta za tofali za kuchoma ambazo Nyanda za Juu Kusini tunazipenda, ingawa banda la kuku lililozungushiwa bati litabaki gizani kwa redio yoyote.

Hotispoti nayo ina shida ya wazi. Simu ndiyo inayolisha nyumba intaneti, na simu imeondoka na mwenyewe kwenda mnadani. Nyumba inabaki kiziwi saa zote ambazo hasa ulitaka uiangalie. Anayetaka waifai anunue ruta ya laini inayokaa nyumbani, na betri ndogo ya kuishikilia umeme ukikatika. Ruta ya wati 10 hukaa saa nne au tano kwenye betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 bila kuichosha.

Zigbee na Z-Wave ni lugha za redio za vifaa vinavyotumia umeme mdogo, hivyo kihisi cha mlango kinaweza kukaa na betri yake ya duara kwa miezi mingi. Haziongei na simu yako moja kwa moja. Zinaongea na habu, kisanduku kinachopokea habari zao na kuzitafsiri kwa waifai. Ukinunua kihisi cha Zigbee bila habu umenunua pambo. Uzuri wao ni wavu: kifaa kilichochomekwa kwenye umeme kinapokea ujumbe wa jirani na kuupeleka mbele, kama ndoo ya maji inavyopita mkono kwa mkono wakati wa kuzima moto. Umeme wa TANESCO ukikatika wapokezanaji hao wanakufa, na vihisi vya mbali vinapotea hata kama betri zake zimejaa. Z-Wave ina sharti lingine, kwamba ya Marekani inatumia takriban megahezi 908 na ya Ulaya 868, na haziongei. Matter, iliyotolewa Oktoba 2022, ni makubaliano ya makampuni makubwa kwamba vifaa vyao vielewane. Alama yake kwenye boksi inakupunguzia hatari ya kufungiwa ndani ya programu ya kampuni moja.

Lakini kwa mwenye jaruba la mpunga kule bondeni Usangu, hayo yote yana umuhimu mdogo. Njia yake ni laini ya simu. Wenye bodaboda na bajaji tayari wanaifahamu: kifaa kidogo chenye laini ndani, unakitumia ujumbe kinakujibu pikipiki iko wapi, unatuma mwingine injini inazimika. Kuna relei za namna hiyohiyo za kuwasha pampu, na zinafanya kazi popote panaposhika mtandao wa simu, hata wa kawaida usio na intaneti. Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo, maana 123456 inajulikana na kila kijana wa stendi. Weka orodha ya namba zinazoruhusiwa kuamuru. Na vocha iwepo. Laini ikifungwa kwa kutotumika, pampu inakuwa ya kubonyeza kwa kidole kama zamani.

Sasa wingu, neno ambalo wauzaji wanalitamka kwa upole sana. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo nchi nyingine. Ukiwa jikoni kwako Igawa ukabonyeza simu kuwasha taa ya sebuleni, kwa vifaa vingi amri inatoka kwenye simu, inapitia chini ya bahari, inafika kwenye kompyuta hiyo, kisha inarudi njia ileile hadi kwenye taa iliyo hatua tano kutoka uliposimama. Siku nyingi hutagundua. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadhoofika vibaya Tanzania na kwa majirani, na mwenye taa za wingu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuinuka kwenda ukutani, kama swichi ya ukutani bado ilikuwepo. Hata waya usipokatika, kampuni inaweza kukatika yenyewe. Aprili 2022 kampuni ya Marekani ya Insteon ilizima kompyuta zake bila kuaga, na programu ya simu ya wateja wake ikafa siku hiyo.

Kwa upande mwingine, wapo waliouza wingu kwa uwazi. Sola za kulipia kidogokidogo kama za M-KOPA ya Kenya zina laini ndani ya kisanduku. Ukilipa zinafunguka, usipolipa zinajifunga. Hapo kampuni ndiyo inayoshika swichi hadi deni liishe, na mteja anajua tangu siku ya kwanza. Kinachoudhi ni plagi uliyoimaliza kulipa pale dukani kumbe bado inaomba ruhusa ng’ambo.

Kwa hiyo neno la kulitafuta ni udhibiti wa ndani, na jaribio lake halihitaji utaalamu. Acha ruta ikiwaka, zima data yake, halafu bonyeza simu ikiwa kwenye waifai hiyohiyo. Taa ikitii, amri zinaishia humohumo nyumbani. Isipotii, sasa unajua. Mwenye kijana anayependa kompyuta amwonyeshe Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Mholanzi Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo inaendesha vifaa vya makampuni tofauti kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyo palepale nyumbani.

Ndani ya programu ya simu utakutana na ratiba, sharti na mandhari. Ratiba ni saa: washa saa fulani. Sharti ni kama: kama mtu akipita na ni usiku, washa. Mandhari ni amri nyingi chini ya kibonye kimoja. “Tunalala” inaweza kuzima sebule, kuwasha taa ya uani na kufunga pampu. Haya ni mepesi, ila saa ina mitego miwili. Kwanza, kifaa kinahesabu kizungu. Saa 12 na nusu jioni ni 18:30, na ukiandika 06:30 taa ya ulinzi itawaka jua likichomoza. Pili, vifaa vingine huja na saa za China, zilizo mbele yetu kwa saa tano. Taa uliyoiwekea 18:30 itawaka saa 7 na nusu mchana, majirani wakishangaa utajiri wako. Tafuta sehemu ya majira ya saa, chagua Dar es Salaam au Nairobi.

Kuna mpangilio mmoja ambao kwa nchi yenye kukatikakatika umeme naupa uzito kuliko yote hayo, nao umejificha chini kabisa ya orodha: hali ya kifaa baada ya umeme kurudi. Machaguo ni matatu: kibaki kimezimwa, kiwake, au kirudi kilivyokuwa. Mama anapiga pasi, umeme unakatika, anaondoka kwenda dukani akiwa amesahau. Plagi iliyowekwa “kiwake” itaipasha pasi hiyo moto juu ya kitambaa bila mtu chumbani. Pasi, jiko na hita ziwekewe kubaki zimezimwa. Friji ya soda na bruda ya vifaranga zirudi zilivyokuwa, vinginevyo umeme kukatika dakika mbili usiku kutakuulia vifaranga kabla ya asubuhi. Friji iendelee kuwa na kilinzi chake cha kawaida, kile kinachosubiri dakika kadhaa umeme utulie, kwa maana plagi janja nyingi hazisubiri.

Gharama ya kusubiri nayo ina jina: matumizi ya kukaa tayari. Plagi au taa janja moja inatumia wati 1 hivi hata ikiwa haifanyi lolote. Kwa siku 30 hiyo ni yuniti 0.72. Moja si kitu. Kumi ni yuniti 7.2 kwa mwezi, na hapo mtu wa D1, kundi la wateja wadogo wa TANESCO, afungue macho. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa yuniti hadi 75, na 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na makato. Nyumba iliyokuwa ikiishia 72 itafika 79.2, na zile 4.2 za juu zitakula shilingi 1,470. Vifaa vilivyonunuliwa ili kubana matumizi vimekuvusha mstari. Viwili au vitatu penye kazi vinatosha.

Kamera zinadai tahadhari ya peke yake. Inayotuma picha mfululizo kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inameza megabaiti 450 kwa saa, yaani bando la wiki linaisha kabla hujalala mara mbili. Iweke irekodi kwenye kadi yake na itume taarifa mtu akipita tu. Namba ya IP iliyoandikwa kwenye ganda nayo isome: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji, na kwa vumbi la Mbarali la kiangazi IP65 ndiyo ya kukaa nje, IP20 ni ya sebuleni. Ielekeze kwenye lango lako, isiingie uani kwa jirani. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura za watu ni taarifa zao. Badilisha pia neno la siri la kiwandani: mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka maelfu ya kamera duniani kwa kujaribu maneno hayohayo tu.

Jambo la mwisho la kumwangalia fundi ni akaunti. Ili kazi iende haraka, fundi huchukua simu yake, anafungua akaunti kwa barua pepe yake, anafunga vifaa vyote, kisha anakukaribisha kama mwanachama. Kila kitu kinafanya kazi na unamlipa. Lakini katika programu hiyo mmiliki wa nyumba ni yeye. Anaweza kukutoa, na anaweza kuitazama kamera ya uani kwako akiwa Tunduma. Wala si lazima awe na nia mbaya, labda simu imeibwa tu. Mpe simu yako, akaunti iwe ya barua pepe yako, yeye aingie kama mgeni na aondolewe kazi ikiisha. Mama asiye na barua pepe afunguliwe na mwanawe, na neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Ukinunua kifaa kilichokwisha tumika, au mpangaji akihama na kuacha swichi zake, kirudishe hali ya kiwandani kabla ya kukitumia: shikilia kibonye chake kwa sekunde kadhaa hadi taa yake ianze kukonyeza haraka. Kama ni cha Matter utahitaji ile namba iliyochapwa pamoja na alama ya miraba midogo ili kukifunga upya. Ipige picha kabla fundi hajakifukia kifaa darini, maana mara nyingi imechapwa ubavuni kwake.